BTP (mazoezi ya kufundisha) Rungwe: nimepewa Sanaa na Michezo darasa la II, la IV na la VI. Nipangeje vifaa, muda na nidhamu?

tumaini_btp

Shikamooni walimu wangu, na habari zenu mnaolingana nami.

Nipo kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya serikali, juu kidogo ya Tukuyu. Mwalimu wa taaluma amenikabidhi Sanaa na Michezo kwa madarasa matatu: la II lina watoto 96, la IV lina 84 na la VI lina 57. Upande wa michezo naumudu. Ninapokwama ni uchoraji, rangi, ususi na ufinyanzi.

Hali ya shule ni hii: kipindi cha la II ni dakika 30, cha la IV na la VI ni dakika 40. Madawati ni ya watoto watatu watatu. Bomba liko nje, kama mita 60 kutoka madarasani. Vifaa vilivyopo ni chaki, manila chache na mikasi 10. Fedha ya rangi za dukani haipo.

Naomba msaada kwenye haya. Kwanza, muda: kugawa vifaa kunakula nusu ya kipindi na kengele inalia watoto wana rangi mikononi. Pili, je, somo moja linaweza kufundishwa kwa madarasa yote matatu kwa viwango tofauti, au kila darasa lipate mada yake? Tatu, rangi nitengeneze kwa nini? Nne, kelele. La II wanainuka kila dakika, la VI wanagoma kuchora na kusema hawajui.

Mkufunzi atakuja kunikagua bila kutaja siku, kwa hiyo kila kipindi nataka kiwe tayari kukaguliwa.

---

mchoraji_kihesa

Marahaba mdogo wangu. Kamwene kutoka Iringa.

Nitaanza na muda, kwa sababu kwenye sanaa kelele nyingi hutokana na mtoto kukaa mikono mitupu akisubiri kitu. Darasa likiwa na kazi mkononi hutulia lenyewe. Kwa hiyo nidhamu unayoitafuta utaipata kwenye namna unavyogawa na kukusanya vifaa.

Panga kipindi kwa kuanzia mwisho. Jiulize kwanza: kusafisha kunataka dakika ngapi? Kwa dakika 40 gawanya hivi: maelezo na onyesho 6, kugawa 4, kazi 18, kukusanya na kusafisha 7, kutazama kazi pamoja 5. Kwa la II: onyesho 4, kugawa 3, kazi 13, kusafisha 6, kutazama 4. Utaona muda wa kazi ni mfupi. Ndivyo ulivyo, na ukijaribu kuurefusha unaukata usafi, halafu mwalimu wa kipindi kinachofuata anakuta maji sakafuni na hatakuvumilia mara ya pili. Kazi isiyoisha inaendelea wiki ijayo. Hakuna sheria inayosema picha iishe ndani ya kipindi kimoja.

Mwombe mwalimu wa taaluma jambo moja: vipindi vya rangi na udongo viwekwe kabla ya mapumziko, na la II lisifuatane moja kwa moja na la VI. Hapo kusafisha kukichelewa dakika tatu hakumuumizi mtu, nawe unapata nafasi ya kubadilisha vifaa.

Kugawa: usiite watoto mbele. Watoto 96 wakija mbele ni fujo hata wangekuwa watu wazima. Kifaa kimfuate mtoto alipo. Kila dawati lina watoto watatu. Wape namba 1, 2 na 3 kufuata walivyokaa, kuanzia dirishani. Namba 1 anapokea karatasi tatu kutoka kwa wa mbele yake na kupitisha zilizobaki nyuma. Namba 2 anapokea kikopo cha rangi na ndiye pekee anayekigusa kukihamisha. Namba 3 ana tambara na ndiye anayefuta dawati mwishoni. Kila wiki namba zinazunguka. Kipindi cha kwanza fanyeni zoezi la kupitisha vifaa vikiwa vitupu, bila rangi wala maji, mara mbili au tatu mpaka wazoee. Dakika hizo kumi zitakurudia kila kipindi mpaka BTP iishe.

Karatasi igawiwe ya mwisho. Mtoto wa la II akishaipata hasikii tena unachosema. Onyesho likamilike, vikopo viwe mezani, ndipo karatasi zipite.

Maji: usimpeleke mtoto bombani wakati wa kipindi. Kabla ya kengele ingiza ndoo mbili za lita 20, moja ya maji safi iliyojaa robo tatu na moja tupu ya maji machafu, ukae nazo mlangoni. Mwisho wa kazi dawati moja moja linatoka kwa kupita mlangoni: unamimina kikombe kimoja juu ya mikono ya wote watatu, wanatikisa, wanasimama nje kwa mstari hadi wote waishe. Mikono ikichovywa ndani ya ndoo safi, baada ya madawati matano maji yamekuwa tope na wanaofuata wanapaka tope upya.

Sasa suala la madarasa matatu. Mada iwe moja. Wewe ni mwalimu mwanafunzi, una maandalio na azimio la kazi la kuandika, na maandalizi ya vifaa yatakuelemea ukifundisha vitu vitatu tofauti wiki moja. Tofautisha idadi ya hatua, idadi ya rangi na kiwango cha uamuzi unaomwachia mtoto. Chukua mada ya "sokoni", maana kila mtoto wa Rungwe ameona mkungu wa ndizi na gunia la viazi.

Darasa la II: rangi moja tu, vidole badala ya brashi, na agizo moja kwa wakati. "Chora mtu mmoja anayeuza." Wakimaliza hilo ndipo unasema, "Weka anachouza." Watoto wa miaka saba na minane huchora mstari wa ardhi chini ya karatasi na mbingu kama utepe juu, na mtu wanayemthamini humfanya mkubwa kuliko nyumba. Wengine huchora ndizi zilizo ndani ya kapu kana kwamba kapu ni kioo. Hiyo ni hatua ya kawaida ya ukuaji. Viktor Lowenfeld aliyechambua hatua za uchoraji wa watoto aliielezea, na vyuoni bado inafundishwa. Usisahihishe. Uliza tu, "Huyu anafanya nini?" na mtoto ataongeza mwenyewe.

Darasa la IV: rangi mbili, hatua tatu zilizoandikwa ubaoni kwa maneno machache, na mbinu mpya moja kama kupiga chapa au kusuka karatasi.

Darasa la VI: wape tatizo, wasipewe picha. "Onyesha umati wa watu sokoni kwa kuchora watu watano tu." Hapo watalazimika kufikiri nani yuko mbele, nani yuko nyuma, nani anamkinga nani. Kugoma kwao nako ni hatua. Kuanzia miaka tisa hadi kumi na miwili mtoto huanza kudai picha ifanane na kitu chenyewe, anaona haifanani, anafuta, anafuta tena, kisha anasema hajui. Dawa yake ni kuondoa ufutio. Wape kipande cha mkaa au penseli bila raba, na michoro mitatu ya haraka ya kitu kimoja, mfano dumu la maji: dakika 1, dakika 3, kisha dakika 10. Wa kwanza hauwezi kuwa mzuri kwa yeyote, kwa hiyo aibu inaondoka.

Na tafadhali, usichore nyumba ubaoni ukaiacha. Utapata nyumba 84 zinazofanana, zote na mlango katikati na bomba la moshi ambalo Rungwe haliko. Onyesha mbinu, futa, ndipo waanze.

---

udongo_na_mkaa

Mwalimu hapo juu ameeleza vizuri, naongezea upande wa rangi na gundi. Rangi za kutengeneza zinafanya kazi vizuri kabisa darasani ikiwa zimechekechwa na zina kiunganishi. Zinazoharibika nyingi zimekosa kimoja kati ya hivyo viwili.

Gundi, ambayo ndiyo kiunganishi: koroga kikombe 1 cha unga wa ngano kwenye kikombe 1 cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe 4 vya maji, mimina mchanganyiko taratibu huku unakoroga, endelea kukoroga dakika tatu mpaka ing'ae kidogo. Epua, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha chumvi ili isivunde mapema. Ukimimina unga mkavu kwenye maji ya moto unapata madonge yasiyoyeyuka. Kwa baridi ya Tukuyu inakaa siku tatu kwenye chombo chenye kifuniko. Ukiipeleka Kyela kwenye joto itachacha haraka zaidi. Ikinuka, mwaga.

Nyekundu na kahawia: udongo mwekundu, mnao tele. Anika, twanga, chekecha kwa chujio la chai halafu rudia kwa kitambaa chepesi. Vipimo: sehemu 2 za unga wa udongo, sehemu 1 ya gundi, maji mpaka ufanane na uji mwepesi. Usipochekecha mara mbili, mchanga unachana karatasi. Gundi ikipungua, rangi ikikauka inapukutika kama vumbi unapoikunja kazi. Ikizidi, inapasuka vipande na karatasi inajikunja.

Nyeusi: mkaa uliotwangwa, kwa vipimo hivyohivyo. Masizi ya chungu ni meusi zaidi lakini yana mafuta, yanaelea juu ya maji na kukataa kuchanganyika. Tone mbili tatu za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo zinamaliza tatizo hilo.

Njano: binzari ya manjano. Inang'aa sana ila jua huifukuza, kwa hiyo kazi zake usizibandike dirishani.

Nyeupe: vipande vya chaki vilivyobaki, visagwe. USITUMIE chokaa ya kupaka ukuta. Inaunguza ngozi na macho, na mtoto wa la II atajifuta jicho kwa kidole chenye rangi, hilo ni hakika.

Waridi na wekundu wa chai: mbegu za parachichi. Kata mbegu nne vipande vyembamba, chemsha kwenye nusu lita ya maji kwa dakika 40, chuja. Ukitia magadi kidogo rangi inakolea. Hii ni maji ya rangi, si rangi nzito, kwa hiyo wape la VI kwa kupaka mandhari ya nyuma kabla ya kuchora kwa mkaa. Kijani cha majani yaliyosuguliwa kinapendeza siku hiyohiyo, baada ya muda kinageuka kahawia. Waambie mapema wasihuzunike.

Kiasi: la II una madawati 32. Kikopo kimoja kwa dawati, mililita 30 kila kimoja, jumla ni kama lita moja. Usijaze zaidi. Kikopo kilichojaa kikimwagika kinaharibu karatasi tatu na sketi moja. Chenye mililita 30 kinafutwa kwa tambara. Vikopo: kata chini ya chupa za maji za nusu lita, kimo cha sentimita 5 au 6, na upitishe ukingo juu ya bati lenye moto kidogo ujikunje, maana ukingo mbichi wa chupa unakata vidole.

Kwa la IV na la VI, brashi: kipande cha sponji ya godoro (mafundi wa sofa hutupa vipande) ukubwa wa sentimita 2 kwa 2, kimefungwa kwa uzi kwenye kijiti cha mwanzi. Kila kikopo na brashi yake, brashi isihame kikopo. Ukifuata hilo tu huhitaji maji ya kusuuzia mezani, na rangi zako hazitageuka tope zote.

La VI wakidharau rangi ya udongo na kusema ni ya watoto, waambie kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mingi yake ni ya rangi nyekundu iliyotokana na madini ya ardhini. Igeleke, pembeni ya mji wa Iringa, nako kuna michoro ya aina hiyo.

---

tumaini_btp

Asanteni sana, ndaga fijo. Nimenakili vipimo vyote.

Nimewaza kuwapa la IV kupiga chapa kwa viazi, maana huku viazi vipo. Nikate viazi vingapi? Na wembe nani ashike?

---

mwl_wa_zamu_njombe

Mimi viazi sivipendi kwa kazi hii, na nitasema kwa nini. Kuna watoto waliofika shuleni bila kunywa hata chai. Kuchovya chakula kwenye rangi mbele yao si jambo jema, na baadhi ya wazazi watalalamika kwa haki. Upo Rungwe, mna migomba kila uani. Tumia bua la jani la mgomba: likikatwa kwa upana linatoa alama ya mwezi mchanga yenye vijumba vidogo ndani, chapa nzuri kuliko mchoro wowote utakaochonga kwenye kiazi, na halihitaji kuchongwa.

Likatwe jioni ya kuamkia kipindi, vipande vya urefu wa sentimita 8 ili mkono upate pa kushika, visimamishwe wima kwenye beseni usiku kucha utomvu utoke. Utomvu wa mgomba ukigusa shati jeupe la shule hautoki tena. Asubuhi kata upya ncha milimita chache kwa kisu, ufute. Unahitaji vipande 28, kimoja kwa dawati, na vitano vya akiba. Watoto wanapiga chapa kwa zamu: mmoja anapiga, wa pili anashika karatasi isiteleze, wa tatu anatayarisha mpangilio wake kwa penseli. Kila mmoja anapiga mara sita kisha anapokeza.

Rangi ya chapa iwe nzito kuliko ya brashi, kama uji wa lishe, na isiwe kwenye kikopo. Lowesha kipande cha sponji kwenye kifuniko cha ndoo ndogo, chapa iguse sponji, ndipo iguse karatasi. Ikichovywa moja kwa moja kwenye kikopo, chapa ya kwanza inakuwa doa tu.

Wembe: asishike mtoto yeyote wa la II wala la IV. Ukate wewe. La VI wanaweza kutumia mikasi. Kwa mikasi 10, andika namba 1 hadi 10 kwenye mpini kwa rangi ya kucha, toboa boksi gumu matundu kumi yenye namba hizohizo, kila mkasi uingie tundu lake. Ukitupa jicho mara moja unajua upi haujarudi. Kwa la IV mkasi mmoja unatosheleza madawati matatu ikiwa wewe mwenyewe umekwishakata vipande vikubwa.

---

mchoraji_kihesa

Naunga mkono mgomba. Kwa viazi sikubaliani na mwenzangu moja kwa moja. Vile vilivyooza upande au vilivyogeuka kijani haviliwi, na hivyo ndivyo vya kutumia. Ila kwa Rungwe mgomba uko karibu zaidi.

Kuhusu ususi, la IV waanze na karatasi za kalenda za zamani. Karatasi ya msingi ikunjwe katikati, ichanwe kutoka kwenye mkunjo kuelekea ukingoni, iachwe sentimita 2 bila kukatwa. Michirizi iwe na upana wa sentimita 1.5. Ikiwa myembamba chini ya sentimita moja, vidole vya miaka kumi haviimudu na karatasi inachanika. Kosa linalojirudia: mstari wa pili unaanza kama wa kwanza, juu-chini-juu, na usukaji haushikani. Mpe mtoto rangi mbili za michirizi, nyeusi kila inapoanza juu, nyeupe kila inapoanza chini, kosa ataliona mwenyewe. Baada ya hapo walete kapu halisi la Iringa lililosukwa kwa nyasi za milulu walipindue na kuhesabu mizunguko. Milulu mikavu hukatika ikikunjwa, kwa hiyo ukipata ya kujaribia iloweshwe kwanza.

---

tumaini_btp

Naomba nimalizie na matatu. Moja, kelele za la II hata nikifuata mpango wa namba, na huku mvua ikipiga bati sisikiki kabisa. Mbili, alama nitatoaje kwa watoto 237 bila kupendelea wenye kipaji? Tatu, ufinyanzi: niuache au niujaribu?

---

mwl_wa_zamu_njombe

Kelele za mvua. Usishindane na bati kwa sauti, utapoteza koo na hawatakusikia. Wazoeshe ishara tatu za mkono tangu siku kavu: mkono juu umefunguliwa maana yake wote waweke vifaa chini; viganja viwili pamoja, wakusanye; kidole kwenye jicho, watazame ubaoni. La II washirikishe kwa makofi: wewe unapiga mawili, wao matatu. La VI usiwapigie makofi, wanaona unawafanya watoto. Kwao andika ubaoni muda uliobaki, "dk 10", futa, "dk 5", futa. Wanafuata bila neno. Na siku ambazo mawingu yameshuka mapema, uwe na kazi ya akiba isiyohitaji maelezo: kila dawati liwe na kitu kimoja, jani, ufunguo, kifuniko cha chupa, wakichore kwa kukitazama.

Wanaoinuka mara kwa mara kwa kawaida ni waliomaliza mapema. Mtoto wa la II humaliza dakika ya nane. Kabla hujagawa chochote awe anajua kazi ya pili: kupamba ukingo wa karatasi pande zote nne kwa alama moja inayojirudia. Hiyo inachukua muda na haihitaji kifaa kipya.

Fimbo usiiguse, hata ukipewa na mwalimu mwenyeji. Kanuni za mwaka 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na wewe si mmoja wao. Anayeharibu kazi ya mwenzake ahamishiwe dawati la mbele na apewe jukumu la kuhesabu vikopo. Anayerudia, mpelekee mwalimu wa darasa taarifa mwisho wa siku, kwa utulivu.

Usitangaze mchango wa vifaa kwa wazazi. Tangu 2016 elimumsingi ni bila malipo na michango ina utaratibu wake unaopita juu yako. Waambie watoto walete vitu visivyo na bei, chupa tupu na kalenda za zamani, na asiyeleta asitajwe jina.

Alama: 10 kwa kazi moja. Kutunza na kurudisha vifaa 3, kutumia mbinu iliyofundishwa siku hiyo 4, uamuzi wake mwenyewe 3. Mwenye kipaji asiyefuata mbinu anapata chini ya asiye na kipaji aliyeifuata, na ndivyo inavyotakiwa. Alama tatu za vifaa zitoe darasani ukipita na daftari, safu moja kila kipindi, usisubiri kufika nyumbani. Saba zilizobaki panga karatasi mafungu matatu kwanza, ndipo uandike namba. Kusahihisha 96 moja moja tangu ya kwanza kunafanya za mwisho zihukumiwe na mtu aliyechoka.

---

udongo_na_mkaa

Ufinyanzi ujaribu, ila kwa la VI pekee na uwe nje, chini ya mti. Mna soko zuri la mifano: vyungu vya Wakisi wa pwani ya Ziwa Nyasa vinauzwa Matema. Kimoja kikipita mikononi mwa darasa, wakakishika ukingo na kugonga ubavu kusikia mlio, kinafundisha unene wa ukuta kuliko maelezo ya nusu saa.

Kupima udongo: viringisha kamba nene kama penseli, izungushe kidoleni. Ikipasuka una mchanga mwingi, tafuta kwingine, kwa kawaida bondeni karibu na kijito. Uondoe mawe na mizizi, uloweke, ukande mpaka usishike viganja. Kila mtoto apewe donge kama chungwa, kama gramu 200. Kwa 57 ni karibu kilo 11 na nusu, ndoo moja ya lita 10 inatosha na ziada. Ufunike kwa kiroba chenye unyevu tangu usiku, la sivyo asubuhi umekauka juu na mtoto ataanza kuongeza maji, kisha kazi inaporomoka.

Chini ya kila kazi weka kipande cha jani la mgomba. Udongo haugandi, na kazi inabebwa na jani lake hadi stoo. Ukuta usizidi unene wa kidole kidogo, karibu sentimita 1. Ukiwa mnene, nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, nao unapasuka. Masikio na mipini ikibandikwa bila kukwaruzwa na kupakwa tope laini hudondoka ikikauka. Pande zote mbili zikwaruzwe. Kausha kivulini, si juani, na kwa baridi ya miezi ya Juni na Julai hesabu wiki mbili kamili. Usichome bila msaada wa mfinyanzi: kazi yenye unyevu ndani hulipuka mvuke unapotafuta pa kutokea. Bila kuchoma bado ni kazi halali ya kutolea alama.

Kuhusu mkufunzi: kwa kuwa hujui siku atakayokuja, kaa na mifano mitatu ya kazi ya wiki hiyo ikiwa katika hatua tofauti, mwanzo, katikati na iliyokamilika, ndani ya boksi la kila darasa pamoja na andalio. Hata akikukuta umebakiza dakika kumi, zana zipo mezani na hatua zinaonekana.

---

tumaini_btp

Nashukuru sana. La mwisho kabisa: karatasi 96 mbichi nizianike wapi? Sakafu ya stoo ina unyevunyevu.

---

mchoraji_kihesa

Tumia karatasi ya A5 kwa la II: manila ya ukubwa wa A1 inatoa vipande 16, kwa hiyo manila 6 zinatosha watoto 96 kamili. Ikiwa wima ina upana wa karibu sentimita 15, jumla mita 14.4. Funga kamba tatu za mita 5 ukutani mwa stoo, umbali wa sentimita 30 kutoka moja hadi nyingine, juu ya kichwa cha mtu mzima. Kibanio kimoja kishike kona za karatasi mbili zinazopishana kidogo, hivyo vibanio 100 vinatosha. Majina yaandikwe nyuma kwa penseli kabla ya rangi kuguswa, kona ya juu kulia. Rangi yenye gundi nzito ikianikwa wima inateremka, kwa hiyo ziache kwanza dakika kumi zikiwa zimelala juu ya madawati wakati watoto wananawa, ndipo zipande kambani.